Siku Nilipopanda Mparachichi wa Mama Ewarista

Tulikuwa watu watano chini ya mparachichi ule wa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alikuwapo baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukata miti. Alikuwapo Tumwine, Mnyankole mwenyeji wa Masha aliyefanya kazi naye. Alikuwapo Koko, yaani mama yake baba, na Mama Ewarista, mjane Mrundi ambaye nyumba na mti vilikuwa vyake. Wa tano nilikuwa mimi, Faida, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alisema hakuona kitu, nami nataka ijulikane kwamba walikuwapo.

Kwetu Kivu baba alikuwa mkulima tu. Kazi ya miti alijifunzia Mbarara, kwa fundi mmoja aliyekata matawi yaliyoinamia nyumba za watu. Likizo za shule alinichukua niende naye, akanifundisha bila kukusudia, maana alikuwa na tabia ya kutaja kila anachokifanya. "Faida, mbele ya kupanda, zunguka muti. Angalia mizizi." Kisha aligonga shina kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Mti mzima hutoa sauti fupi, kavu. Ulioliwa ndani hulia kama pipa tupu. Mpaka leo nagonga miti ninayoikuta njiani, na mume wangu hunicheka.

Kazi yangu ilikuwa kamba ya chini. Tawi zito lililo juu ya bati haliachwi lianguke. Hufungwa kamba, kamba hiyo ikapitishwa kwenye panda ya juu, pale matawi yanapogawanyika, na kuteremshwa, halafu ikazungushwa mara tatu kwenye shina kabla mtu hajaishika. Mizunguko hiyo mitatu ndiyo inayobeba uzito. Mwenye kushika huachia kidogo kidogo tu. Kuizungusha ilikuwa kazi yangu, na Koko hakujua.

Siku ile alikuja kwa sababu Mama Ewarista alikuwa rafiki yake, ingawa hawakukutana bila kutaniana juu ya dini. Mama Ewarista alikuwa akinyunyizia shina maji ya baraka.

"Wewe na maji yako," Koko alimwambia, "utatelezesha mutoto wangu pale juu."

"Na nyinyi Waprotestanti na makelele yenu, mtaniangushia maparachichi yote."

Baba aliwasubiri wamalize, mmoja kuomba na mwingine kunyunyiza, kisha akapanda, akapotea kwenye majani. Mimi nikainua kamba.

"Wee! Toka fasi ile!" Koko aliniita.

"Koko, nazungusha kamba tu."

"Kamba inagusa muti, na wewe unagusa kamba. Unataka ukauke?"

Kwetu ilisemwa, na kwa Warundi ilisemwa pia, kwamba mti uliokwewa na msichana hukauka, na msichana naye hukauka, asizae. Koko hakulichukulia kama neno la kutishia watoto. Dada yake mkubwa alikwea mparachichi akiwa msichana, akazeeka bila mtoto, na Koko ndiye aliyemzika.

Nilirudi nyuma nikakaa juu ya jiwe. Tumwine, aliyezoea kuikuta kamba tayari, aliishika hivyo hivyo kwa mikono. Niliona kwamba haijazungushwa. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimekemewa sasa hivi, nikanyamaza. Kunyamaza kule nimekufikiria sana.

Mparachichi ni mti wa kuvunjika upesi. Baba alikata upande wa chini wa tawi kwanza, kama inavyotakiwa, lakini alipoanza upande wa juu tawi likachanika kabla ya wakati, likabandua gamba refu, likayumba na kumbana paja kwenye shina. Msumeno ulimtoka mkononi, ukaanguka katikati ya kuku. Kamba ilimburuta Tumwine hatua mbili, mpaka mguu wake ukakwama kwenye mzizi. Hapo akasimama, na uzito wote wa tawi ukawa mikononi mwake.

"Mzee!" alipiga kelele.

"Niko," baba alijibu. Halafu akasema, "Mguu."

Tawi lilikuwa bado limeshikwa na kipande chembamba cha mti. Kikikatwa, Tumwine angeweza kulishusha. Lakini mikono yake ikichoka kabla ya hapo, lingeanguka na mguu wa baba, au na baba mwenyewe. Baba hakuwa na kamba nyingine ya kuvutia msumeno juu. Mama Ewarista alikimbia barabarani akaita. Majirani walikuwa wamekwenda kupokea posho ya chakula, na hakuna aliyeitika.

Nilisema, "Mimi nitaupeleka."

"Faida hapana," baba alisema kutoka juu. "Muite mutu mwingine."

"Mzee, mutu hakuna!" Tumwine alilia. "Banange, jamani, mikono inaisha!"

Koko alinitazama. Kisha akafungua kitenge chake, akabaki na gauni la ndani mbele ya mwanamume asiye wa kwake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akanipitishia kitenge katikati ya miguu, akakifunga kiunoni kama suruali, akanifunga msumeno mgongoni. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Mugeuke bote," alisema. "Muangalie barabara. Kama hakuna mwenye aliona, hakuna mwenye atasema."

Mama Ewarista aligeuka pale pale.

"Mimi siwezi kugeuka, mama," Tumwine alisema. "Kamba iko mbele."

"Basi funga macho!"

Akafunga. Jasho lilimtiririka kwenye kope, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Nilipanda. Baba alinifundisha kwamba katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu vikae kwenye mti na kimoja tu kitembee. Nilifanya hivyo. Nakumbuka harufu ya majani yaliyochanika, na siafu mmoja aliyepita juu ya kidole changu kana kwamba nami ni tawi. Nakumbuka pia kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nasikiliza tumbo langu. Nilitaka kujua kukauka kunaanzia wapi, kama kunauma, au kama ni kama kiu. Sikusikia kitu ila moyo.

Uso wa baba ulikuwa wa rangi ya majivu. Alichukua msumeno bila kunitazama. "Kaa nyuma ya shina. Shikilia." Alikata mara chache tu, tawi likaachia, na Tumwine akalishusha macho yakiwa yamefungwa, polepole, mpaka likalala uani bila kugusa bati. Alipofungua mikono, ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye kamba.

Mfupa wa baba haukuvunjika, lakini paja liligeuka jeusi na alichechemea miezi mingi. Majirani waliporudi waliuliza nani alimpelekea msumeno.

"Sikuona," Mama Ewarista alisema. "Niliangalia barabara. Imepita mbuzi."

"Mimi nilikuwa nafunga macho, naomba Mungu," alisema Tumwine, ambaye hatukuwahi kumwona akiomba hata kabla ya kula.

Nakivale maneno hayalali, lakini hilo halikutoka kwao. Hata mwaka uliofuata, upande mmoja wa mparachichi ulipokauka, Mama Ewarista alisema ni jua, akaukata kuni na kutuletea fungu. Baba alisema ni gamba lililobanduka. Mimi, kwa ninavyoijua kazi hii sasa, nakubaliana na baba, ila nimeona miparachichi iliyojeruhiwa zaidi ya ule ikapona. Basi sijui.

Niliolewa, na kwa miaka miwili sikupata mtoto. Koko alikuja kila wiki na kitu mkononi, viazi au maharage, na alipoingia alitazama tumbo langu kabla ya uso. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Hakuuliza hata mara moja.

Binti yangu alipozaliwa, Koko alikuja kituo cha afya asubuhi. Alimfungua mtoto, akahesabu vidole vya miguu, akamfunga tena, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kulia.

"Mimi niligeuka tena," alisema.

"Koko, unasema nini?"

"Siku ya muti. Niliambia bote bageuke, na mimi nikageuka. Kisha nikarudisha macho. Nilishindwa, Faida. Nilikuona kutoka chini mpaka juu. Nikajua kama utakauka, ni macho yangu imekukausha."

Miaka tisa alikuwa amelibeba hilo. Mimi siku zote nilifikiri kwamba kugeuka kule kulikuwa ujanja wa mwanamke asiyeamini sana, njia ya kuniruhusu bila aibu. Kumbe aliamini yote. Aliamini kwamba ananitoa mimi na watoto wangu wote ili mwanawe ashuke, na bado alifunga kitenge kwa mikono yake, kisha akashindwa kuniacha nipande peke yangu bila jicho la mtu. Sasa nami ni mama, na mara nyingine namwangalia mtoto wangu akilala na kujiuliza kama ningeweza. Nilisogea ukutani, naye akalala kando yetu, viatu mguuni, mpaka muuguzi alipokuja kumwamsha.

Mtoto alipoacha kunyonya, nilikwenda Mbarara na baba kuanza kazi ya miti. Mti wangu wa kwanza kule ulikuwa mkaratusi. Niliupanda mwenyewe, na nilimaliza kabla ya saa sita.