Pua ya Fundi Cyprien

Cyprien Habineza, fundi wa televisheni wa mtaa wa Katoyi mjini Goma, alizichukulia televisheni kama daktari anavyoyachukulia magonjwa: zilimlisha, lakini hakuzipenda. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amezifungua migongo, amezipangusa vumbi, amezirudishia sauti, na katika muda wote huo, alisema, hakuwahi kuuona mji wake ndani ya kioo isipokuwa siku unapoungua au siku unapotekwa.

"Tukiwa tunapika tu maharagi, kamera haziji," alimwambia mkewe, Charline.

Tena alikuwa amegundua kwamba Mzungu aliyefika Goma Jumanne huandikwa chini ya kidevu "mtaalamu wa volkano", ilhali Mkongomani aliyeikimbia volkano hiyohiyo mara mbili huandikwa "mkazi". Charline alimwomba anyamaze. Katika tamthilia yake mtu alikuwa amepewa habari mbaya, na kamera ilikuwa inamkaribia usoni kwa mara ya tatu.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Kila televisheni iliyoingia ilibandikwa kipande cha sparadra, ile plasta nyeupe ya zahanati, na juu yake Cyprien aliandika kwa kalamu nzito jina la mwenye mali na ugonjwa wa mali yenyewe. Alianza desturi hiyo baada ya waasi kupita mwaka 2012. Wateja waliporudi kutoka ukimbizini, watu watatu walidai televisheni moja, na wote watatu walikuwa na machozi.

Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka siku ya Jumamosi, na Alhamisi asubuhi serikali ikatangaza watu watoke mjini. Watu wa Goma ni wazoefu wa kukimbia. Hawababaiki kuhusu cha kubeba. Charline alibeba godoro na sufuria. Cyprien alibeba televisheni ya Mama Kasoki, muuza vitenge, iliyokuwa peke yake karakanani.

"Na yetu?" Charline aliuliza.

"Yetu haina mutu wa kuidai."

Karibu na Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, mtu asiyejulikana akampiga picha. Ilikuwa picha nzuri sana: mwanaume mrefu, mwembamba, televisheni kichwani, moshi nyuma yake, na mbele kabisa sparadra inayosomeka hata na mwenye macho mabovu: MAMA KASOKI, HAINA SAUTI.

Kufikia saa sita mchana picha ilikuwa imefika Butembo, Bruseli na Montreal. "Angalieni mwizi," aliandika wa kwanza, "jina la mama wa watu bado liko juu ya mali." Kwamba Kasoki ni jina la Kinande, la watu wa Butembo, wote walikubaliana. Iliyobaki ni pua ya mbebaji. Mmoja akasema pua ile imevuka mpaka kutoka Rwanda mwezi uliopita. Mwingine, wa Montreal, aliyejiita profesa, akachora mistari myekundu juu ya picha na kuthibitisha kwamba pua ya vipimo hivyo haiwezi kuwa na kadi ya mpiga kura ya Kongo. Wa tatu akapinga: huyo ni Mnande halisi anayejifanya Mnyarwanda. Kwa faida gani, hakueleza.

Pua yenyewe Cyprien alizaliwa nayo pana, kule Masisi, kama ya baba yake. Umbo lake jipya alilipata akiwa na miaka kumi na mmoja, ndama alipomrushia teke zizini. Lakini ndama hakuwa na akaunti ya Facebook.

Simu ilimkuta Sake. Mama Kasoki, aliyekuwa amekimbilia mji wa Kiwanja, alikuwa ameiona picha.

"Cyprien, uko wapi na télé yangu?"

"Iko ku kichwa, mama."

"Nimeiona. Usiiangushe."

Akakata.

Juni watu walirudi. Katoyi ilikuwa salama, na karakana pia. Wateja tu ndio hawakurudi. Cyprien aliwaona wakipita na televisheni zilizofungwa kwa shuka, wakienda kwa fundi wa mtaa wa pili, asiyejua kutofautisha spika na sahani. Walimsalimu kwa upole. Mambo ya Facebook hawayaamini hata kidogo, walisema, ila wangojee kwanza. Wiki mbili zikapita bila mtu kubisha hodi, na fundi asiyeaminiwa ni mtu mwenye bisibisi tu.

Akaenda dukani kwa Mama Kasoki.

"Mama, sema tu mbele ya simu: huyu ni fundi wangu, télé nilimupatia mimi mwenyewe aitengeneze."

"Na ameitengeneza?"

"Bado."

"Basi nitasema bado. Mi ni mutu wa misa ya kwanza, Cyprien, siwezi kudanganya mbele ya watu wa Canada. Ilete na sauti, njo nitaongea."

Spika ilikuwa imekufa kabisa. Katika soko la Virunga, Sikuli, muuza vipuri, alikuwa nazo sita, lakini alitazama kwanza kulia na kushoto.

"Papa, wakituona pamoja watasema ni mimi ninanunua vitu vyenye unaiba. Ngoja hiyo habari ipoe."

Cyprien akarudi nyumbani, akaigeuza televisheni yake mwenyewe na kuanza kuifungua mgongo. Charline akaruka.

"Unafanya nini, na mutu anakaribia kuolewa humo ndani?"

"Ataolewa kimya."

Tangu siku hiyo Charline alitazama tamthilia bila sauti na kuwatungia wahusika maneno mwenyewe, na katika utunzi wake kila mwanaume mbaya alikuwa fundi.

Jumapili, baada ya misa, televisheni ya Mama Kasoki iliwekwa juu ya meza mbele ya duka, sauti hadi mwisho, mpaka kuku wa jirani wakahama. Mama Kasoki alirekebisha kitambaa chake na kuitazama simu aliyoishika Cyprien.

"Mi njo Kasoki. Mutu mwenye munamuita mwizi aliacha télé yake ku nyumba, akabeba yangu, na yangu ilikuwa mbovu. Sasa musikie vile inapiga kelele. Mambo ya pua siyajui. Sikumupatia pua."

Majibu ya Facebook yalifika kabla hajaketi. Mmoja aliuliza amelipwa na nani. Mwingine alisema kelele zimeongezwa kwa kompyuta. Profesa wa Montreal alikuwa tayari ameshachora mistari myekundu juu ya mashavu ya Mama Kasoki, na matokeo hayakuwa mazuri. Cyprien akashika simu kwa mikono miwili na kuanza kuandika habari za ndama, tangu mwanzo.

"Unaandikia nani?" Mama Kasoki akauliza.

"Yule profesa."

"Yuko na télé ya kukuletea?"

Cyprien akainua macho. Mbele ya duka watu kama thelathini wa Katoyi walikuwa wamesimama, wakilalamika kwamba sauti ni kubwa mno. Mmoja wao, Nyirakamana, mama wa nyumba ya tatu, akamsogelea akiwa bado ameziba sikio.

"Papa Cyprien, yangu inaonyesha watu wote kijani. Wazungu, weusi, wote."

"Tangu lini?"

"Tangu volkano."

Cyprien akaiweka simu mfukoni, profesa hajajibiwa.

"Na uko na hakika unataka niitengeneze?"

"Jana kulikuwa mechi, papa. Timu zote mbili kijani. Nyumba nzima tulikosa mutu wa kutukana."

"Basi ilete leo," akasema Cyprien.