Akifunga ni Dawa, Akikosa ni Limi

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu nje kidogo ya Bariadi, msichana hakuruka miguu ya mtu aliyeinyoosha. Hata kama mtu amekaa katikati ya mlango na chungu kinaungua ndani, ulimwambia akunje miguu, au ulizunguka nyumba. Tuliambiwa kwamba mguu uliorukwa na mwanamke unapoteza nguvu, na fimbo hivyohivyo, na mkuki, na kitu chochote ambacho mwanamume anakwenda nacho kwenye shughuli yake. Mimi sasa ni bibi, nina wajukuu, na mpaka leo siruki miguu ya mtu. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nawacheka wazee wangu. Siwacheki. Nimewakasirikia, na hilo ni jambo jingine.

Kaka yangu Masunga alikuwa mshambuliaji. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya utoto na yeye ndevu zilikuwa zinaanza. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani alikuwa baba mdogo Ndaki, na timu ya kijiji ilikuwa yake pia. Pamba ikishauzwa watu walikuwa na nafasi, na mpira ulichezwa kila juma. Masunga alikuwa na mguu wa kushoto ambao makipa waliusikia kabla ya kuuona. Alijifunza mwenyewe, akipiga mpira wa matambara kwenye ukuta wa zizi mpaka ng'ombe wakaacha kushtuka. Lakini hakuna aliyesema amejifunza. Walisema ni dawa ya mfumu. Mfumu ndiye mganga kwa lugha yetu, na wa timu alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye kikohozi, aliyependa sana maziwa mgando ya mama yetu.

Mwaka ule ikasikika kwamba watu wa timu kubwa ya Mwanza wanakuja Bariadi kumtazama Masunga. Kabla ya mechi hiyo nilimkuta kwenye chumba cha pamba, amekaa juu ya lundo la magunia matupu, suruali imepandishwa, analikanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa.

"Umeangukia wapi, kaka?"

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Limi, ukilisema hili, mimi siendi Mwanza. Mchezaji mwenye goti bovu hachukuliwi. Hata Mayu usimwambie."

Mayu ndivyo tulivyomwita mama. Nikamwahidi. Kazi ya kumpelekea maji ya moto kwa siri ikawa yangu, na niliifurahia, maana hakuna mtu mkubwa aliyewahi kunipa siri.

Asubuhi ya mechi mfumu alikuja kuvitengeneza viatu. Alivipaka mafuta ya kondoo, unga wa mizizi, na ule udongo wa magadi ambao ng'ombe wanaupenda. Akaviweka ndani ya ungo katikati ya uwanja wa nyumba, vidole vikielekea mjini. "Asipite mtu hapa," akasema, kisha yeye na wanaume wakaenda kukaa kivulini na kibuyu cha maziwa.

Mimi nilikuwa nawaangalia ndama. Sasa nawauliza ninyi mnaofuga: ukipaka kitu magadi ukakiweka wazi, unategemea nini? Ndama mmoja alinitoka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ungo, akatoa ulimi. Mimi nilikuwa upande wa pili. Ningezunguka, angekuwa ameshavipindua viatu na kuvikanyaga. Niliruka juu ya ungo. Nikamshika sikio, nikamsukuma mpaka zizini. Viatu havikuguswa hata kidogo. Nilirudi nikitegemea kusifiwa.

Baba mdogo alikuwa amesimama. Mfumu alikuwa amesimama. "Tumeona," mfumu akasema, basi, akakaa tena kunywa maziwa.

Hawakuvipaka tena. Hilo nimeliwaza maisha yangu yote. Kama waliamini dawa imeharibika, mbona hawakuvipaka tena? Muda ulikuwepo, mafuta yalikuwepo. Walinyamaza. Kule kuruka kwangu walikuweka akiba.

Kipindi cha kwanza Masunga alifunga. Watu waliingia uwanjani wakambeba mfumu. Nilikuwa nimesimama na wanawake, nikaona yule mzee anapanda juu mabegani kwa watu, anakohoa, na kaka yangu anarudi katikati peke yake akitembea taratibu, maana anajua goti lake. Kipindi cha pili alipokea mpira, akageuka, na hakuna beki aliyekuwa karibu naye. Alikaa chini kama mtu aliyevutwa, akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Kama angepigwa na beki, wangemlaumu beki. Hakuguswa na mtu. Baba mdogo alikuja upande wa wanawake kabla hata mwamuzi hajapuliza filimbi ya mwisho. "Yuko wapi yule mtoto?"

Jua halijazama nilikuwa nimesimamishwa nyumbani mbele ya watu wazima. Wale wageni wa Mwanza walikuwepo, wamepewa viti. Masunga alikuwa amelazwa kwenye mkeka, goti limefungwa majani.

"Uliruka au hukuruka?" baba mdogo akauliza.

"Niliruka. Ndama alikuwa..."

"Hatujauliza habari za ndama."

Nilimtazama kaka yangu. Mtoto hana wakili. Mimi nilikuwa na yeye tu, na alikuwa na neno moja la kusema: goti hili lilivimba kabla ya leo. Alikuwa anatazama juu, kwenye nyasi za paa. Nami nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo sikusema. Nilidhani anatafuta namna nzuri ya kuanza.

Walininyoa, wakaniogesha dawa kwenye njia panda, na mfumu akasema nikae mbali na Masunga mpaka mguu upate nguvu. Nikapelekwa Mwandoya kwa shangazi kuchunga mbuzi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza darasa la kwanza. Huko Mwandoya hakuna aliyeulizia habari za darasa. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Siku ya kuondoka Mayu alinifunga kitenge, akalia. "Ungezunguka tu, ng'wanawane," akasema. "Ungezunguka tu, mwanangu." Kila nilipomtembelea baadaye, mpaka nywele zake zikawa nyeupe, alilisema hilohilo, kwa upole, kama mtu anayekumbusha mtoto kunawa mikono.

Masunga alipona. Wale wa Mwanza walirudi wakamchukua, kisha akachukuliwa Dar es Salaam, kisha akavaa jezi ya taifa, akapanda ndege kwenda nchi ambazo sisi tulizisikia kwenye redio tu. Mume wa shangazi alikuwa na redio, na majirani walijaa. Mtangazaji akitaja jina la kaka yangu, watu walinyamaza hata watoto. Akifunga, mtu mmoja anasema, "Yule mfumu wa kwao si mchezo." Akikosa, vichwa vyote vinanigeukia pale nilipokaa na ufuta wangu ninaopepeta.

"Limi, uliruka mara ngapi?" shemeji mmoja alikuwa anapenda kuuliza.

"Mara moja."

"Mbona amekosa mara tatu?"

Wanacheka. Na mimi nacheka, maana nikikasirika watasema nina roho mbaya, na mwenye roho mbaya huitwa mchawi, na mchawi nchi yetu tunajua anavyoishia. Waliokuja kuniposa waliuliza habari hiyo kwanza. Wawili hawakurudi. Mabao yake yote yalikuwa ya mfumu, makosa yake yote yalikuwa yangu. Yeye mwenyewe, Masunga aliyepiga ukuta wa zizi miaka, hakuwa na chake.

Goti lilimaliza mpira wake mapema kidogo. Akawa kocha. Alifundisha timu za vijana, akafundisha za wakubwa, akafukuzwa na kuajiriwa kama wanavyofanywa makocha wote, na alisifiwa kwa jambo moja: hakumchezesha mtu mgonjwa. Uzeeni amerudi Bariadi, na sasa anafundisha wasichana. Mjukuu wangu Kabula ni mmoja wao, anacheza mbele, kushoto. Mimi huenda kuwatazama jioni, nakaa kwenye ndoo niliyoigeuza.

Siku moja mwaka huu alimwona Kabula anachechemea na kuficha. Akasimamisha mazoezi, akawakalisha wote chini.

"Goti ukilificha litakulipa," akawaambia. "Mimi nilikuwa na goti limevimba hivi, na watu wa Mwanza wanakuja kunitazama. Nikalificha. Nilimficha hata mama yangu. Nikaingia kucheza, likakatika nikiwa peke yangu, hakuna aliyenigusa."

Binti mmoja mwenye mdomo akauliza, "Kwa hiyo, kocha, uliumia kwa ujinga wako mwenyewe?"

"Kwa ujinga wangu mwenyewe," akasema, na wote wakacheka, na yeye akacheka.

Neno lile nililisubiri tangu nilipokuwa sina meno ya mbele. Alilitoa bure, kwa mtoto wa watu, ili kuchekesha. Na kwa jinsi alivyolisema, nilijua hii si mara ya kwanza. Amelisimulia Mwanza, amelisimulia Dar es Salaam. Wachezaji wa nchi nzima wanalijua. Asiyelijua alikuwa Mayu.

Nilisimama. "Kocha," nikamwambia, "hadithi yako imepungua mtu mmoja."

Akageuka. "Dada, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulipewa nafasi. Ulikuwa umelala kwenye mkeka. Waambie hapa."

Alivua kofia. Aliwaambia, lazima niseme, aliwaambia yote: ungo, ndama, njia panda, Mwandoya. Hakuna aliyecheka. Yule binti mwenye mdomo akamuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuthubutu. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Wale wa Mwanza nao waliamini mambo hayo," akasema. "Mguu uliorukwa unasafishwa, wanakusubiri upone. Goti bovu hawalisubiri. Ningesema, wangepanda gari wakaenda zao, na jina langu lisingesikika."

Kabula akanitazama. "Bibi, yeye ndiye aliyekuachisha shule?"

Masunga ndiye aliyejibu. "Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia yule mzee wa kikohozi, na baba mdogo, na shemeji wa redio. Wale waliamini walichoamini, na wengi wamekufa nacho. Lakini mtu mmoja pale nyumbani hakuamini. Mtu mmoja alijua, akaitumia imani ya wenzake kama ngazi, na ngazi yenyewe ilikuwa imewekwa mgongoni kwangu. Jezi zile zote zilipita juu yangu. Nampenda kaka yangu, hana mwingine wa kumpikia na mimi sina mwingine wa kukumbuka naye sauti ya Mayu. Lakini kuanzia siku ile hasira yangu ina anwani.

Jioni ile alikuja nyumbani, akasimama nje, hakukaa. "Unataka nifanye nini, Limi?"

"Nenda kaburini kwa Mayu. Nenda peke yako. Ukamwambie kwa Kisukuma, Kiswahili chako cha uwanjani hatakielewa."

Alikwenda kesho yake mapema. Aliporudi nilimtengea ugali na mlenda, akala akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimemwambia," akasema.

"Amejibu nini?"

"Wafu hawajibu, dada."

"Basi hajasikia. Urudi tena."

Amekuwa akirudi. Mazoezi yakiisha huwa namwona anashika ile njia, anachechemea kidogo, kofia mkononi, na mimi namtazama mpaka anapotelea kwenye mtama. Simfuati. Mama yangu amenikumbusha vya kutosha namna ya kuzunguka. Sasa na azungumze na yule mwanawe aliyenyoosha miguu njiani.