Vipochi vya Uvunguni

Tangu apate akili, Sindano alikuwa mtoto wa chini ya meza ya cherehani, akiokota vipande vya vitambaa miguuni kwa mama yake. Jina hilo alipewa na shangazi yake, maana mtoto hakutulia mpaka ashike sindano. Alipotimiza miaka kumi na mmoja akaanza kushona vipochi vya kalamu, na Chiriku, rafiki yake wa darasani asiyejua kunyamaza, akajitwika kazi ya kuvitembeza.

"Wewe shona tu," Chiriku alimwambia. "Wateja niachie mimi."

Biashara yenyewe ilikuwa ya kubadilishana vitu. Chiriku aliondoka na kipochi, akarudi na kichongeo au penseli za rangi. Siku moja alileta zipu ndefu ya bluu. Na maneno hayakukosekana. "Yule kaka wa darasa la sita anataka chenye mistari. Dada wa maktaba kakipenda chake, mpaka basi!"

Sindano akashona hadi vidole vikachubuka, akimuwazia kila mteja na kipochi chake.

Kisha Chiriku akashikwa na homa. Sindano akaenda kumjulia hali, na bibi yake Chiriku akamwambia, "Mjukuu wangu, mtolee mwenzio shuka, limo kwenye boksi hapo uvunguni."

Uvunguni kulikuwa na maboksi mawili. Sindano akavuta lisilo lenyewe. Ndani vilikuwemo vipochi kumi na kimoja, vyote alivyowahi kushona, na cha mistari kikiwa juu.

Akakitoa cha mistari. Macho yakamhamia ukutani, ambako jaketi la bluu la Chiriku lilining'inia wazi, halina zipu.

"Hivi ni nini?"

Chiriku akajifunika uso kwa mto. "Siku ya kwanza wenzetu shuleni walicheka. Zipu iligoma kufunguka. Nikashindwa kukwambia."

"Na dada wa maktaba?"

"Maktaba sijawahi hata kuingia."

Sindano akarudi nyumbani na vipochi vyake, hajui ashike lipi. Akasirike? Kadanganywa miezi miwili. Ashukuru? Mtu huyohuyo kafumua jaketi lake kwa ajili yake. Akalia, akajikuta anacheka, akalia tena. Mama alipomuuliza ana nini, akajibu, "Sijui, mama," na kweli hakujua.

Mama akachukua kipochi kimoja, akavuta zipu. Ikakwama katikati.

"Umeshona karibu mno na meno ya zipu. Mbona hukuniuliza?"

"Niliambiwa viko sawa."

Wiki nzima alifumua na kushona upya. Chiriku alipopona akaja, akasimama mlangoni. Sindano hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimsogezea kiti kwa mguu, akaendelea kukata uzi.

"Safari hii tunakwenda wote," akasema.

Kesho yake, nje ya geti la shule, msichana mmoja mrefu alifungua na kufunga zipu mara nyingi, akatoa rula yake mpya, akaondoka na kipochi.

"Kakipenda," Chiriku akanong'ona.

Sindano akamtazama yule msichana akiishia, kisha akamgeukia rafiki yake. "Kakipenda kweli?"

"Si umemwona mwenyewe?"

Alikuwa amemwona, kwa macho yake mawili. Hata hivyo, walipofika kwenye kona, akauliza tena.