Moto wa Mrututu

Siku ile naikumbuka kwa ngozi ya shingo, mwanangu Sahra. Moto uliruka kutoka mdomo wa chupa ukanipata kidevuni, mtandio ukaanza kuyeyuka. Rafiki yangu Fatuma alipiga kelele, "Habiba anawaka! Wallahi anawaka!" Na mimi, kabla maumivu hayajafika, niliona ukingo wa moto ule ni wa kijani. Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri.

Ngoja nikurudishe nyuma, ujue ulitoka wapi.

Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Garissa. Mwalimu Wambua, kijana kutoka Ukambani, alitwambia tulete chumvi ya ngamia na mrututu, yale mawe ya buluu tunayosaga kupaka vidonda vya mbuzi.

"Mwalimu, mbuzi wako anaumwa wapi?" Fatuma akamchokoza.

"Mbuzi wangu ni nyinyi. Leteni."

Majiko ya gesi ya maabara yalikuwepo, mapya kabisa. Mwalimu mkuu, Gedi, aliyafungia kwenye kabati la kioo ofisini kwake ili wageni wayaone. Basi Wambua akamimina spiriti kidogo kwenye kisahani, akafunga mapazia, akawasha.

Akanyunyiza chumvi. Moto ukawa wa manjano, kama taa za barabarani. Kisahani cha pili akatia mrututu, na moto ukasimama kijani kama malisho ya Bute mvua ikishanyesha. Subhanallah! Hakuna aliyecheka tena.

"Hilo jini, mwalimu?" Fatuma akauliza.

"Ni elektroni," akasema. Akatueleza kwamba ndani ya kila chembe kuna vitu vidogo mno, kila kimoja na ngazi yake. Joto likikipa nguvu, kinaruka ngazi ya juu. Hakikai huko. Kinashuka, na nguvu iliyokipandisha kinaitoa, nayo ndiyo mwanga tunaouona. Kila kitu kina ngazi zake, kwa hiyo kina rangi yake, hapa na hata kwenye nyota.

Mwanangu, mrututu nimeushika tangu utotoni, na sikujua ndani yake mna kupanda na kushuka kwa namna hiyo. Nililia kidogo. Sijui kwa nini.

Ndipo Gedi akaingia na wageni wake, akafungua mapazia. Jua la Garissa unalijua. Moto wa spiriti ukapotea machoni.

"Warya Wambua, moto uko wapi? Wageni wangu waangalie sahani?"

"Bado unawaka, mkuu, ni jua tu. Usi..."

Gedi alishachukua chupa ya spiriti, akamimina kwenye kisahani.

Wambua alinizima kwa koti lake na viganja vyake. Gedi alikuwa wa kwanza mlangoni. Kwenye baraza la wazee, mbele ya baba yangu, akasema msichana alichezea spiriti na mwalimu hakuwa makini. Wambua akafukuzwa na viganja vyake vimefungwa bendeji. Mimi shule ikaishia hapo.

Sasa wewe unaanza kemia. Nenda, hooyo, mwana wa mama, ukatazame moto ule mpaka ushibe, usiuogope kwa sababu ya shingo yangu. Lakini usimimine kitu juu ya moto, hata ule usiouona. Na mkubwa akichukua chupa, piga kelele, awe nani awe nani. Sisi tulinyamaza kwa heshima. Mwenyezi Mungu akuhifadhi uso na macho, akufungulie yale niliyoyaona mara moja tu.

Nimesikia maabara yenu mpya itafunguliwa na Gedi, na viti vya wazee vimeshapangwa. Nitakuja kutoka Waberi, nitakaa mbele, shingo wazi. Kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho kinarudisha nguvu kiliyopewa, yote, mbele ya watu. Na kwake nasema: wewe Gedi umepewa ukubwa miaka yote hii. Simama mbele ya wasichana hawa, mtaje Wambua kwa jina, useme ni nani aliyemimina.