Wanafunzi wangu waling'oa mlango wa nyumba ya watu wakauleta darasani kuuhoji

Wakuu, hamjambo. Haya ni kweli tupu, na kuna Form Two nzima ya kunisuta nikiongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mji Mkongwe, kwa mkataba wa muda. Nilichoka kuona wanafunzi wanakariri notsi kama kasuku. Nikawaambia kesho kila kundi lilete primary source kutoka nyumbani. Kitu chenyewe, sio picha. Tutakihoji: kimetoka wapi, nani anakisimulia, anafaidika nini?

Nilitegemea sarafu. Labda birika la shaba.

Asubuhi kundi la Ilham, binti wa mtaa wa Malindi, linaingia getini na gari la hamali. Juu yake upande mzima wa mlango wa nakshi.

"Mwalimu, si ulisema kitu chenyewe?"

Ni mlango wa bibi yake, Bi Zuhura. Watalii hawapiti bila kuupiga picha, na wanaowatembeza wanaapa una miaka mia mbili. Bibi alikwenda sokoni, wao wakaung'oa.

Mwalimu mwenye akili timamu angeurudisha palepale. Mimi nikasema, maadamu umeshafika, tuuhoji. (Msinicheke. Siku hiyo hakusinzia hata mtu mmoja.)

Ilham akapiga magoti nyuma ya mlango.

"Mwalimu, hizi skrubu ni za nyota, za kisasa!"

Mbao nazo zilipigwa randa ya umeme. Mlango ulikuwa mdogo kwangu kiumri. Kundi likaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWENYE NYUMBA AMEDANGANYA.

Ndipo Bi Zuhura akatokea dirishani mwa darasa na kapu lake la samaki. Akasoma, akageuka akaondoka. Nilijisikia vibaya sana.

Mwalimu mkuu akaniita. Mlango urudi mahali pake kabla ya magharibi, la sivyo Jumatatu nisije.

Tukaukokota hadi Malindi. Bi Zuhura akakataa kuupokea!

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Mnamletea mwongo mlango wa uongo? Siutaki. Nendeni kwanza mkafute mlichoandika."

Wakuu, kibarua kinaota nyasi huku nakiona. Nikifuta ili kuokoa mkate wangu, critical thinking niliyowafundisha imekufa, maana skrubu bado ni za nyota na wanafunzi wote wananitazama. Nisipofuta, Jumatatu niko mtaani.

Na nyumba haiwezi kukaa wazi. Basi nikaketi kizingitini. Kushoto upande wa mlango uliobaki, kulia mimi. Jirani akapiga hodi, nikajibu karibu. Mtalii mmoja akanipiga picha, nafikiri alidhani ni mila.

Jua linashuka, jasho linanitoka. Ilham akanisogelea.

"Mwalimu, mlango tushauhoji. Bibi hatujamuuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama.

"Bi Zuhura, samahani. Mlango huu ulitoka wapi?"

Akanigeukia.

"Sasa ndo mnauliza. Ule wa kale uliliwa na mchwa. Nikamwita fundi auige, nshazoea kuutazama nikitoka. Hiyo miaka mia mbili wanasema hao wanaotembeza watalii, hapo nje, nami nawasikia. Hajapiga hodi hata mmoja akaniuliza."

Ilham akaenda kumkumbatia bibi yake, na sisi wengine tukaanza kufunga skrubu. Ya mwisho iliingia adhana ikianza.

Jumatatu niliripoti kazini kama kawaida. Nikakuta kundi limeshafuta ubao na kuandika upya: MWENYE NYUMBA HAKUULIZWA.

Nililojifunza ni hilo tu: tulikuwa hodari wa kuhoji mbao, na mtu mzima tukamhukumu bila kumsikiliza.

Haya, uwanja ni wenu, na matusi ya kuhusu ule mlango nayapokea. Ila kabla hujaandika, fikiria: nyumbani kwenu ni nani mnamsimulia kila siku na hamjawahi kumuuliza?