Vumbi la Saa Kuukuu na Uongo Niliomtafsiria Mdogo Wangu

Admin, jina langu lifiche, maana Watanzania wa Toronto tunajuana. Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wawili, naishi Crescent Town. Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu ili mdogo wangu asinisikie nikilia.

Huyo mdogo wangu tumwite Zuhura. Tumezaliwa wawili tu, na mama alipofariki nikamlea mimi. Nilipotulia huku Kanada nikahangaika mpaka naye akafika. Kiingereza kilimgomea, lakini mikono yake! Kwetu Tanga alikuwa anapaka maharusi hina, mtu akikaa mbele yake hataki kuondoka.

Wakati huo nilikuwa msimamizi kwenye karakana moja ndogo kule Rexdale. Tulikuwa tunatengeneza upya saa za mkono za zamani, zile zenye namba zinazong'aa gizani, halafu bosi anawauzia watu wanaozikusanya. Nikamwingiza Zuhura. Kazi yake ilikuwa kukwangua rangi ya zamani kwenye namba, kufagia unga wake kwa brashi nyembamba, kisha kupaka rangi mpya. Brashi ikitawanyika, anainyoosha ncha kwa midomo, anaendelea. Wote tulimsifia.

Mwaka wake wa pili pale akaja mkaguzi na kifaa cha kupima. Alipokisogeza mezani kwa Zuhura kikalia bila kunyamaza. Kesho yake bosi akaniita, akaniambia ile rangi ya zamani ina radiamu, inatoa mionzi, unga wake usiingie mdomoni wala puani. Akanipa karatasi za Kiingereza, wafanyakazi watie sahihi kwamba wameelezwa. Akasema, "Usiwatishe. Wakikimbia nafunga, na wewe huna kazi."

Nilikuwa nimeachika juzijuzi, watoto bado wadogo. Nikampelekea Zuhura karatasi yake.

"Inasemaje, dada?"

"Mambo ya usafi tu. Unawe mikono kabla ya kula. Weka sahihi hapa."

Akaweka. Nikampa barakoa, nikamkataza kutia brashi mdomoni, nikamwambia ni uchafu. Akacheka, "Dada bwana, umeshaanza uzungu." Baada ya siku chache akarudia, nami nikajifanya sioni. Akafanya kazi pale miaka mingine mitano, mpaka karakana ikafungwa.

Mwaka jana aling'olewa jino, kidonda kikakataa kupona. Taya likavimba. Vipimo vikaonyesha saratani ya mfupa. Hospitalini mkalimani wake nikawa mimi. Daktari akauliza kama amewahi kufanya kazi yenye vumbi au kemikali. Zuhura akanitazama, "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Anauliza kama unapata usingizi."

"Mwambie silali, dada. Linauma mno."

Nikamgeukia daktari, nikasema, "Hapana, hajawahi."

Mpaka leo sijui neno lile lilitokaje. Sina uhakika kama ni ile rangi iliyomharibu taya, lakini daktari naye hawezi kujua, kwa sababu nimemfungia mlango.

Sasa hatafuni. Namkorogea uji mwepesi, namnywesha kwa kijiko, naye ananishika mkono anasema, "Mungu akulipe, dada. Bila wewe ningekufa peke yangu kwenye baridi hii." Natamani anipige.

Juzi amenipigia mama mmoja Mkongo wa Brampton, kule karakanani alikuwa anakaa meza ya pili kutoka kwa Zuhura. Meno yake yanalegea. Akaniuliza, "Dada, ile rangi ilikuwa na nini?" Nikamwambia sisikii vizuri, nikakata simu.

Ndugu zangu, msinionee huruma, nisemeni mnavyotaka. Ila niambieni: nikimweleza Zuhura, siku zilizobaki atazimaliza akinichukia. Nikinyamaza, yule mama naye atafuata, na wengine nisiowajua waliko. Alhamisi tunarudi kwa daktari. Nitafungua mdomo niseme nini, na nianze na nani?