Siku ya Kuzaliwa Niliyoitunga

Mwaka wangu wa pili Guangzhou nilikaa chumba kimoja na msichana kutoka Lubumbashi, Kongo, tuliyeanza naye masomo ya Kichina mwaka uliotangulia. Mimi ni wa Tanga. Chuo chetu kilikuwa kwenye kisiwa cha vyuo, kusini mwa jiji, na majengo yalikuwa mapya kiasi kwamba ukiegemea ukuta uliondoka na chokaa begani. Katikati ya kisiwa kilibaki kijiji kimoja ambacho hakikubomolewa. Wenyeji waligeuza vyumba vyao vya chini kuwa mikahawa ya intaneti, ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na baa ndogondogo. Mchana kijiji kililala. Giza likiingia, wanafunzi walimiminika, na moshi wa chaza wanaochomwa kwa kitunguu saumu ukajaa vichochoroni.

Mwenzangu aliimba katika mojawapo ya baa hizo kila Ijumaa. Alikuwa amelelewa kwenye kwaya, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Mwenye baa, mama wa makamo ambaye sote tulimwita *laobanniang*, yaani bosi mwanamke, alimlipa kwa chakula cha usiku na nauli ya kwenda kanisani mjini Jumapili. Tulijua wanafunzi wa kigeni hatukuruhusiwa kufanya kazi. Lakini bakuli la tambi na nauli ya treni, tulijiambia, si kazi hiyo.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kichina changu kilikuwa kizuri, chake cha kubabaisha, kwa hiyo benki, sokoni, kwa daktari, mimi ndiye niliyesema. Mara nyingi nilijibu kabla hajajua ameulizwa nini. Niliona ni wema.

Ijumaa moja ya Novemba alikuwa katikati ya wimbo wa pili. Wanafunzi wa Kichina walikuwa wanacheza dadu, wakitikisa vikombe na kuvibamiza mezani. Ghafla meza iliyo karibu na mlango ikanyamaza, kisha iliyofuata, hadi ikabaki sauti yake peke yake. Nilipogeuka niliona askari polisi wawili, mmoja kijana, mwingine mtu mzima mwenye miwani.

Mwenye baa alizima spika. Mwenzangu akabaki ameshika kipaza sauti, akinitazama mimi.

"Huyu anafanya kazi hapa?" mwenye miwani aliuliza.

Hakuniuliza mimi, lakini mimi ndiye niliyejibu. "Hapana, mjomba. Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Anatuimbia tu, marafiki zake."

"Ndiyo, ndiyo," mwenye baa akadakia. "Hata keki nimeagiza, inakuja."

Askari alitabasamu. Akamgeukia mwenzangu, akampongeza, kisha akaomba pasipoti. Neno hilo mwenzangu alilielewa. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Pasipoti alitembea nayo kila mahali. Aliitoa mkobani na kumkabidhi kwa mikono miwili, na yeye pia akatabasamu, kwa sababu hakujua nimesema nini.

Mwenye miwani alifungua ukurasa na kuusogeza karibu na taa.

"Hapa imeandikwa Desemba," akasema.

Ningeweza kukiri pale pale. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kwao wanafuata kalenda ya mwezi, mjomba. Kama nyinyi."

Alinitazama, kisha akaitazama tena tarehe. Wazee wengi wa kule husherehekea siku ya kuzaliwa kwa kalenda ya mwezi, na niliona anakaribia kuniamini. Kijana aliyekuwa naye alikwishaanza kuelekea mlangoni. Kisha mwenye miwani akamwinamia mwenzangu, akamwuliza polepole, neno kwa neno, kama mwalimu: "Wewe, leo, siku ya kuzaliwa?"

Maneno hayo tulifundishwa wiki ya kwanza ya masomo. Mwenzangu aliyaelewa. Akanitazama, nami nikamkazia macho: kubali, kubali tu.

"Si leo," akasema kwa Kichina chake kilichovunjika. "Mimi naimba. Yeye anapa mimi chakula. Nauli pia."

Mwenye baa akakaa kitini.

Kituo kilikuwa mwisho wa kijiji. Tulitembea mbele ya askari, tukipita mbele ya watu wote wanaotujua, hata mchoma chaza aliyezoea kutuita. Kituoni mwenye miwani aliandika maelezo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa Kiswahili, nilitakiwa kutafsiri. Kwa hiyo nilimgeukia rafiki yangu na kumwambia kwa lugha yetu: "Anauliza kama wewe ndiye uliyeniagiza niseme uongo."

"Mwambie sikukuagiza," akasema. "Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia askari. Sijawahi kutamka sentensi ngumu kama ile.

Karibu saa sita usiku alikuja mwalimu wa wanafunzi wa kigeni, amevaa ndara, nywele zimesimama. Aliinama mara nyingi kwa niaba yetu. Mwenzangu alipewa onyo. Mimi niliandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, kwa kudanganya. Kabla hatujatoka, askari alimrudishia mwenzangu pasipoti na kusema kwamba kama angeambiwa ukweli tangu mwanzo, angetoa onyo pale pale baani na kwenda zake. Hilo sikumtafsiria. Sikuwa na haja, nilimwona ameelewa.

Tulipofika chini ya bweni alisimama, akanigeukia.

"Juu ya nini ulisema vile?"

"Nilikuwa nakuokoa, dada."

"Uliniuliza?" Alikuwa bado ameshika pasipoti mkononi. "Ma chère, rafiki yangu, mwaka muzima unasema kwa kinywa changu. Leo nimeonekana mwizi mbele ya watu, na hata sikujua umesema nini."

Nilianza kujitetea, nikaishia njiani. Sikuwa nimemwuliza. Hata mara moja.

Baa ile iliondoa kipaza sauti. Kwa majuma mengi tulilala umbali wa hatua tatu bila maongezi zaidi ya salamu. Alibandika maneno ya Kichina ukutani, hadi juu ya swichi, na alipougua jino alikwenda kwa daktari peke yake. Alirudi shavu limevimba. Daktari alikuwa ameng'oa jino la upande mwingine, zima kabisa.

"Nilichanganya kulia na kushoto," akasema, ameshika shavu.

Nilitaka kulia. Yeye akaanza kucheka, damu kwenye pamba, na kila akicheka aliumia, akazidi kucheka. Nikamchemshia uji. Kesho yake alirudi kwa daktari yule yule kung'oa lile bovu. Sikumwomba twende wote. Nilibaki kitandani nikiangalia saa mpaka niliposikia viatu vyake ngazini.